Kipimo cha jeni ya FMR1 na ushauri wake: tathmini ya familia moja ya Likoni

Nianze na hukumu, maana najua wengi mnaosoma tathmini kama hizi mko karibu kutoa hela. Kikao cha ushauri wa vinasaba kinastahili kila shilingi. Kipimo chenyewe cha damu, kinachotafuta ugonjwa wa kurithi uitwao X tete na magonjwa mengine yanayotoka kwenye jeni hiyohiyo, ni cha kuaminika. Ripoti ya maabara, jinsi ilivyoandikwa na jinsi ilivyotufikia, ni mbovu, na nitaeleza kwa nini. Kliniki iko Nairobi, ya watu binafsi. Siitaji jina kwa sababu mpwa wangu bado yuko shule ya msingi na ukoo wetu unajulikana hapa mjini.

Mimi ni mwalimu, nyumbani kwetu ni Likoni. Tuna wagonjwa wawili ambao kwa miaka mingi hakuna daktari aliyewataja kwa pumzi moja. Wa kwanza ni Baba. Alikuwa karani wa makasha bandarini Kilindini, mwandiko wake wa kusifiwa. Alipovuka miaka sitini mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, na unatetemeka kwa namna yake: ukiwa umelala pajani hauna neno, lakini akiunyoosha kushika kikombe cha kahawa unaruka, na kadiri unavyokikaribia kikombe ndivyo unavyozidi. Baadaye miguu ikafuata. Siku hizi anatembea ameitanua kama aliyesimama juu ya jahazi lililochafukiwa na bahari, na ule mteremko wa kuingilia feri hauwezi bila kushikwa mkono. Tuliambiwa ni Pakinsoni. Akapewa dawa za Pakinsoni, akazimeza kwa utiifu, na mkono ukabaki vilevile.

Wa pili ni mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa. Alichelewa sana kusema, na alipoanza akawa anarudia maneno yaleyale mara nyingi, upesi upesi. Ukimsalimia hugeuza uso pembeni huku akikunyooshea mkono. Wageni hudhani ana jeuri, sisi tunajua kwamba macho ya watu yanamchoma. Ana uso mrefu na masikio makubwa, na vidole vyake vinapinda nyuma kuliko vya wenzake. Alipokuwa mdogo masikio yalikuwa hayaishi usaha. Honi ya matatu humfanya apigepige mikono hewani. Njia za mji anazijua zote, na ukimpitisha kwingine atakurudisha. Hospitali waliandika "usonji" wakatuacha hapo. Alipimwa kromosomu pia, majibu yakaja kwamba ni za kawaida, na tukadhani habari ya vinasaba imefungwa. Nyumbani akanyweshwa kombe, akasomewa. Mavyaa wa dada yangu akawa anasema mbele za watu kwamba kwetu kuna kitu, na dada akayameza maneno hayo miaka yote bila kujibu.

Kilichotupeleka Nairobi ni daktari mmoja wa watoto hapa Mombasa aliyemtazama kijana usoni, akamshika vidole, kisha akauliza swali ambalo hatukuwa tumewahi kuulizwa: babu yake mzaa mama yu hai, na ana afya gani? Tulipomweleza, akaandika herufi tatu na namba moja kwenye karatasi, FMR1, akatuelekeza mahali pa kwenda.

Sasa kikao. Mshauri ni mama wa makamo. Alimwamkia Baba kwanza, "Shikamoo mzee," akangoja aitikie marahaba, akavuta kiti karibu naye. Nimeingia ofisi nyingi za madaktari na Baba ambako mazungumzo yote yanapita juu ya kichwa chake, kwa hiyo jambo hili nalipa uzito. Kisha akatoa karatasi kubwa akaanza kuchora ukoo wetu: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari ya ndoa na ya uzazi, hadi kwa bibi aliyemzaa Baba. Kila jina lilipoingia aliuliza maswali yaleyale. Nani alichelewa kusema? Nani alishindwa shule ingawa alipelekwa? Nani alitetemeka uzeeni, au alikuwa akianguka ovyo? Na nani, kati ya wanawake, alikoma hedhi kabla ya miaka arubaini?

Hilo la mwisho lilikuwa langu. Hedhi yangu ilikatika nikiwa na thelathini na saba, na wakati ule niliambiwa ni mawazo ya kazi. Mshauri hakusema lolote kuhusu mawazo. Alitia alama ndani ya duara langu, akatia nyingine kwenye mraba wa Baba na nyingine kwenye wa mpwa wangu, akatugeuzia karatasi. Alama tatu za magonjwa matatu tofauti, na mstari mmoja ukipita katikati yake.

Maelezo aliyotupa nitayaandika kwa urefu, kwa sababu ndiyo niliyoyalipia na ndiyo yanayokosekana kwingine. Jeni ya FMR1 iko kwenye kromosomu X. Mwanzoni mwake kuna herufi tatu, CGG, zinazojirudia mfululizo. Watu wengi wana marudio yasiyofika 45. Kuanzia 45 hadi 54 ni eneo la katikati lisilo na uhakika. Kuanzia 55 hadi 200 huitwa mabadiliko ya awali. Yakipita 200 ni mabadiliko kamili, na hapo seli huiziba jeni yote kwa kemikali, isitoe kitu. Protini ambayo ingetoka hapo, FMRP, ndiyo inayosimamia utengenezaji wa protini nyingine kwenye maungio ya seli za ubongo. Ikikosekana tangu tumboni, ubongo wa mtoto hukua kwa mpangilio mwingine. Huo ndio ugonjwa wa X tete (Fragile X kwa Kiingereza), unaompata takriban mvulana 1 kati ya 4,000. Ndicho chanzo kikuu cha ulemavu wa akili unaorithiwa, na pia ndicho chanzo cha usonji kinachojulikana zaidi miongoni mwa vile vinavyotokana na jeni moja.

Upande wa Baba ni kinyume kabisa. Mwenye mabadiliko ya awali jeni yake haijazibwa. Inafanya kazi kupita kiasi. Inamimina nakala za RNA, yaani maelekezo ambayo seli hutumia kutengeneza protini, mara kadhaa kuliko kawaida, na nakala hizo zenye CGG nyingi ni sumu. Seli za ubongo huzivumilia miaka hamsini au sitini, huku ndani ya viini vyake vikijengeka vidonge vidogo vya protini vilivyonasa, mpaka mkono unaanza kutetemeka na miguu inakosa mizani. Ugonjwa huo unaitwa FXTAS. Kati ya wanaume wenye mabadiliko ya awali waliovuka miaka 50, takriban 4 kati ya 10 huupata, na uwezekano hupanda kadiri umri unavyosonga. Wanawake huupata pia, ila wachache zaidi. Wao, kama mmoja kati ya watano, ovari zao huchoka kabla ya wakati. Kwa hiyo mtoto anaumwa kwa sababu jeni imenyamaza, na babu anaumwa kwa sababu jeni ileile inasema mno. Nilimwomba arudie hapo. Alirudia, taratibu, kwa ajili ya Baba pia.

Na njia iliyopita? Baba alimpa kila binti yake kromosomu yake X, maana hana nyingine ya kuwapa. Kaka yetu alipata Y, kwa hiyo hakurithi. Marudio yakitoka kwa baba hayarefuki hadi kuwa mabadiliko kamili. Hubaki ya awali, ndiyo maana mimi na dada tulisoma, tukafanya kazi, hakuna aliyetushuku. Yakitoka kwa mama ndipo yanaporuka, na kwa mama mwenye marudio 90 na zaidi ni karibu hakika kwamba yakimpata mtoto yatakuja yakiwa kamili. Kila mimba ni nusu kwa nusu kuyapata au kutoyapata. Hakuna mtu aliyefanya kosa. Dada yangu aliposikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwa mtu aliyesomea, alilia, na mshauri akaacha alie, hakuangalia saa.

Nilisoma mwenyewe baadaye na kukuta kwamba hata wataalamu walichelewa kuuona mstari huo. Familia ya kwanza yenye urithi wa namna hii ilielezwa Uingereza mwaka 1943 na Martin na Bell. Jeni yenyewe ilipatikana 1991. Miaka kumi zaidi ilipita huku wabebaji kama Baba wakihesabiwa kuwa wazima. Kilichobadilisha mambo ni akina mama waliokuwa wakiwapeleka watoto wao kliniki kwa daktari wa watoto Randi Hagerman huko Marekani, wakimwambia, mmoja baada ya mwingine, kwamba baba zao wazee wanatetemeka na kuanguka. Aliwasikiliza. Mwaka 2001, yeye na mumewe Paul Hagerman na wenzao wakachapisha habari za wanaume watano wazee wenye mabadiliko ya awali na dalili zilezile. Mabinti wanaouguza baba huku wakilea watoto ndio walioziona pande zote mbili kwa wakati mmoja, na mimi ningependa kila daktari wa neva alijue hilo.

Kabla ya kutoa damu mshauri alimuuliza Baba peke yake, sisi tukiwa nje, kama kweli anataka kujua. Alimweleza kwamba hakuna dawa ya kuuzuia ugonjwa huo, na kwamba jibu lake litakuwa pia jibu la mabinti zake hata kabla hawajapimwa. Baba alikubali. Kwa binti mdogo wa dada yangu, anayeendelea vizuri shuleni, mshauri alikataa kupima. Alisema mtoto mzima asiye na dalili hapimwi ubebaji wa jeni. Akikua ataamua mwenyewe, na ikiwa ataanza kupata shida za kujifunza ndipo watamwangalia. Shemeji yangu hakupenda, alitaka kujua yote siku hiyohiyo. Mimi naona kliniki ilikuwa sawa, na ingekuwa rahisi kwao kuchukua hela ya kipimo kingine.

Damu ilitolewa kidogo tu, kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, na sampuli zikasafirishwa hadi Afrika Kusini. Hapa ndipo sifa zinapopungua. Tuliambiwa wiki chache, zikawa nyingi zaidi, na kila nilipopiga simu nilijibiwa na mtu mwingine asiyejua faili letu. Ripoti ilipokuja ilikuwa ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa kila mtu. Ya mpwa wangu iliandika kwamba ana mabadiliko kamili. Za Baba, dada na mimi ziliandika kwamba tuna mabadiliko ya awali, basi, bila idadi ya marudio. Idadi ndiyo roho ya kipimo hiki! Mwenye 58 na mwenye 98 wote wana mabadiliko ya awali, lakini mwanamke mwenye 58 akitaka kuzaa hatari yake ni ndogo, na ya mwenye 98 ni kubwa mno. Ilibidi mshauri aiandikie maabara ndipo namba zikaja: Baba 92, dada 98, mimi 90. Wala haikuandikwa kama ndani ya mfululizo kuna herufi za AGG zinazoukatiza, jambo linalopunguza uwezekano wa marudio kurefuka, na ambalo binti yeyote mwenye idadi ya chini angehitaji kulijua kabla ya kubeba mimba. Tena kwenye ripoti ya mtoto hapakuwa na hata mstari mmoja unaosema kwamba babu na bibi zake wachunguzwe. Familia isiyo na mshauri ingeisoma ile karatasi, ikajua habari za kijana, na mzee angeendelea kumeza dawa za Pakinsoni hadi kaburini.

Kipimo hiki lazima kiombwe kwa jina lake. Kile cha kromosomu cha kawaida alichopimwa mpwa wangu hakiwezi kuhesabu marudio ya CGG, na vile vya mate vinavyouzwa mtandaoni ili ujue asili yako havihesabu pia. Ukiambiwa "vinasaba viko sawa", uliza kama FMR1 ilihesabiwa.

Majibu yametusaidia nini, maana tiba hakuna? Baba alipelekwa kwa daktari wa neva na ile ripoti mkononi. Daktari akaomba picha za MRI za zamani, zile zilizosomwa mwanzoni kama uzee wa kawaida, na akatuonyesha sehemu mbili nyeupe pande zote za serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia mizani, kwenye mashina yanayoiunganisha na shina la ubongo. Wanaume wengi wenye FXTAS huwa nazo. Dawa za Pakinsoni zilipunguzwa polepole kwa maelekezo yake kisha zikaachwa, akaanzishiwa nyingine ya kutuliza mtetemo, na sasa anafanya mazoezi ya mizani na mtaalamu wa viungo. Anashika kikombe kizito chenye mikono miwili na kahawa inafika. Mpwa wangu amepimwa usikivu upya, anafuatiliwa kifafa, na mwalimu wake wa matamshi amebadili mbinu: hamlazimishi tena kumtazama usoni, anakaa ubavuni mwake wanaangalia picha pamoja, na maneno yanatoka. Mimi nimepimwa mifupa, kwa sababu mwanamke aliyekoma hedhi mapema mifupa yake hudhoofika, na hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

Nilimuuliza mshauri kama ukoo wetu ni wa ajabu. Akasema hapana, mipaka kati ya magonjwa ya ukuaji wa ubongo na ya kuchakaa kwake ni ya vitabu zaidi kuliko ya mwili. Akatoa mfano wa watoto wenye Down, ambao nimewafundisha. Wana kromosomu 21 tatu badala ya mbili. Jeni iitwayo APP iko hapo, na kwa kuwa inafanya kazi kwa nakala tatu, mabaki ya protini iitwayo amiloidi hujazana ubongoni mapema. Wakifika miaka 40 karibu wote huwa na alama za Alzaima ndani ya ubongo, hata kabla kumbukumbu haijaanza kupotea. Nilimkumbuka kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye Down, ambaye siku hizi husahau njia ya nyumbani, na mama yake anaambiwa ni utundu. Nilikwenda kumwona mama huyo wiki ileile.

Bei ni kubwa, na naisema kwa uchungu. Vipimo vyetu pamoja vilizidi mshahara wangu wa mwezi, bila nauli ya treni na chumba cha kulala. Bima yetu haikugusa chochote. Tulichanga, kaka akatoa sehemu kubwa ingawa yeye hahusiki na jeni hii. Ukibanwa, ushauri wangu ni huu: mpime kwanza aliye na dalili zilizo wazi zaidi, kisha uulize nani mwingine analazimika. Mimi na dada tungeweza kungoja, kwa kuwa jibu la Baba lilishatutaja.

Jambo jingine la kuwasifu: walituandikia barua ya ukoo. Ni karatasi isiyo na majina yetu, inayoeleza jeni, hatari yake, na kipimo cha kuomba, ili ndugu wampelekee daktari wao popote walipo. Baba aliipata X yake kwa mama yake, kwa hiyo shangazi zetu wa Tanga na watoto wao wanahusika. Shangazi mkubwa ana mjukuu ambaye hajasema mpaka leo. Barua iko kwa Kiingereza tu, na shangazi hasomi Kiingereza, wala hapendi kusomewa mambo ya mwili wake na wajukuu. Nimeitafsiri mwenyewe jioni mbili tatu nikisaidiwa na mwalimu mwenzangu wa sayansi, na nimempelekea mshauri ile nakala aikague. Nimewaomba waiweke mezani pale mapokezi, bure, kwa kila familia inayokuja. Bado hawajanijibu, wakijibu nitaongeza hapa.

Ushauri: nyota tano kati ya tano. Kipimo: nne. Ripoti ya maabara na mawasiliano: mbili, na mojawapo ni ya yule kijana wa simu aliyenitafutia faili letu hadi akalipata.